Muda Peke Yake Hugeuza Divai Kuwa Siki



Mpendwa msomaji, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alinisubiri nje ya sakristia mpaka watumishi wa altare walipomaliza kukunja mavazi yao na kuondoka. Ameniruhusu niandike habari yake bila kumtaja jina. Kwa miaka sita hajazungumza na kaka yake wa tumbo moja. Chanzo ni mpaka wa shamba walioachiwa na marehemu baba yao. Wote wawili wanasali kanisani kwetu. Mama huketi upande wa sanamu ya Bikira Maria, kaka huketi upande wa Mtakatifu Yosefu, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja hugeukia jirani wa upande wake. Sasa kaka amelazwa, na hali yake si nzuri. Watoto wamemsihi mama yao aende kumwona.

Nilimwambia, "Mama, twende leo." Akatikisa kichwa. "Bado, Padre. Mimi sina neno naye. Nimeuachia muda. Muda utaponya."

Maneno hayo tunayasema wote. Tunayasema misibani, tunayasema ndoa zinapovunjika, na hata sisi mapadre tunayasema tukikosa la kumwambia mwenye majonzi. Nami niliyaamini kwa miaka mingi, mpaka nilipofundishwa vingine na mzee mmoja mkulima wa zabibu. Leo nataka kumjibu mama yule, na wengine walio kama yeye. Jibu langu litapita kwanza Italia, katika divai moja nyekundu ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia, kisha litarudi Rombo, nyumbani kwetu, mahali linaponiuma.

Zabibu yenye ukakasi

Katikati ya Italia, katika mkoa wa Umbria, kuna mji mdogo juu ya kilima uliozungushiwa ukuta wa mawe. Unaitwa Montefalco. Hauko mbali na Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko. Ndani yake kuna kanisa la zamani lililowekwa wakfu kwa mtakatifu huyo, ambalo siku hizi ni makumbusho. Mwaka 1452 mchoraji Benozzo Gozzoli alichora maisha ya Fransisko kwenye kuta za altare yake, na chini ya kanisa wanaonyesha maghala ya kale ambamo ndugu Wafransisko walikuwa wakitengeneza divai yao.

Kwenye miteremko ya mji huo na vijiji jirani huota zabibu nyeusi inayoitwa Sagrantino. Wenyeji hulihusisha jina hilo na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kitakatifu, kwa kuwa wanasema divai yake ilitumika altareni. Ina ganda nene na rangi nzito, nayo huchelewa kuiva. Kwetu Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini kule huvunwa mara moja tu, na Sagrantino ni miongoni mwa zabibu za mwisho kuvunwa, majira ya baridi yakiwa yanakaribia.

Sifa yake kubwa ni ukakasi. Kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi anajua ninachosema: ulimi unakauka, ufizi unakaza, mdomo unakuwa kama umepakwa majivu. Chai ya rangi iliyosahauliwa birikani na majani yake ina ukakasi huohuo. Wataalamu wanaita kinacholeta hali hiyo tanini, nayo hutoka kwenye ganda na kokwa za zabibu. Sagrantino imo katika zabibu zenye tanini nyingi kuliko karibu zote zinazojulikana duniani.

Wazee wa kale walifanya nini na zabibu ya namna hiyo? Walianika vishada kwenye uchanja kwa miezi miwili au zaidi, mpaka tembe zikasinyaa na utamu wake ukazidi. Ndipo walipokamua. Divai ilibaki tamu, na utamu ukaupoza ukakasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa divai ya sikukuu. Familia zilifungua chupa yake Pasaka, ikanywewa na nyama ya mwanakondoo.

Kufikia miaka ya 1960 zabibu hii ilikuwa karibu kutoweka. Vijana walikimbilia mijini, na wakulima waliobaki walichagua aina zinazozaa sana na kuuzika haraka. Ilisalia mistari michache tu, mingine kwenye bustani zilizo ndani ya ukuta wa mji. Lakini wapo waliokataa isife. Anayejulikana zaidi ni mfanyabiashara wa nguo, Arnaldo Caprai, aliyenunua shamba mwaka 1971. Baadaye mwanawe Marco alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Milano kuichunguza zabibu hii na namna bora ya kuilea. Mwaka 1979 serikali iliipa divai ya Sagrantino hadhi ya kulindwa kwa jina la mahali inapotoka, na mwaka 1992 ikapewa daraja la juu kabisa katika sheria za divai za Italia.

Siku hizi nyingi inayotengenezwa si tamu tena. Ni divai kavu, nyeusi karibu kama wino, nzito mdomoni, na kali. Utamu uliokuwa ukipoza ukakasi haupo. Basi unapozwa na nini? Sheria yao inadai kwamba kabla ya kuuzwa divai hiyo ikae miezi isiyopungua 37, na katika hiyo isiyopungua 12 iwe ndani ya pipa la mwaloni. Ni zaidi ya miaka mitatu.

Bila shaka msomaji atasema, "Padre, hapo umemkubalia mama yule. Muda umeponya." Nami nilidhani hivyo, hadi nilipoingia ghalani.

Glasi niliyoikataa

Nilikuwa padre kijana niliyetumwa Roma kusoma. Kama mapadre wanafunzi wengi, wakati wa Juma Kuu nilikwenda kusaidia parokia za vijijini ambako mapadre ni wachache, na mwaka ule nilipangiwa eneo la Montefalco. Jumatatu ya Pasaka familia moja ya wakulima ilinialika chakula cha mchana. Mzee wa nyumba alisimama, akamimina divai yake kwenye glasi, akaisogeza mbele yangu. Nikaweka kiganja juu ya glasi.

Mezani pakawa kimya. Kwao, kukataa divai ya mwenyeji siku ya Pasaka ni sawa na mgeni kukataa mbege Rombo mbele ya wazee. Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu, "Padre, hupendi divai, au divai imekukosea?"

Nilimwambia ukweli. Mpaka leo sijui kwa nini nilimweleza mgeni jambo ambalo sikuwa nimemweleza hata padre wangu wa maungamo. Labda ni kwa sababu Kiitaliano changu kilikuwa kibovu, na mtu akikosa maneno ya kujifichia husema mambo kama yalivyo.

Baba yangu alikuwa mlevi. Mbege ya sherehe si tatizo, wote tumekulia humo, ulezi na ndizi na uchungu wa gome la msesewe. Baba alivuka mbege akafika kwenye gongo. Nilipokuwa kidato cha pili katika seminari ndogo nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mama alinituma kwa baba, aliyekuwa amekwenda kuchukua malipo ya kahawa ya mwaka mzima. Nilimkuta kilabuni akiwa amelala kwenye benchi, na mfukoni hakukuwa na kitu. Mama aliuza mbuzi wawili waliobaki, nikarudi shule. Tangu siku ile niliamua kwamba pombe nitakayoigusa ni ile ya kalisi tu, na kwamba baba yangu nitamheshimu kama amri inavyotaka, lakini moyoni nimemaliza naye.

Sikuwahi kumtukana wala kugombana naye. Nilimwamkia nilipokuwa likizo, nikampelekea shuka na kofia siku ya upadrisho wangu. Nilipokuwa Roma nilimwandikia mama kila mwezi, na katika barua hizo sikuwahi kuweka hata mstari mmoja wa kumsalimu baba. Nilijiambia kwamba nampa Mungu muda. Januari ya mwaka ule ule baba alifariki dunia. Gombera wa chuo tulikoishi aliniita ofisini, akaniambia yuko tayari kunitafutia tiketi. Nilisema mitihani imekaribia.

Hayo ndiyo niliyomwambia mzee wa Montefalco siku ya tisa tangu Jumapili ya Matawi, nikiwa nimetoka kuhubiri habari za huruma ya Mungu kwa siku nane mfululizo.

Mapipa mawili

Mzee aliinuka, akaniomba nimfuate kwenye ghala lililo chini ya nyumba. Alichota divai kidogo kutoka pipa moja, iliyovunwa vuli iliyotangulia. Kisha akafungua chupa ya miaka kumi. "Onja tu," alisema. "Ukitaka, teme chini. Sisi hutema."

Ya pipani ilinikaba. Ulimi wangu ulikauka kama nimetafuna gome la mti. Ya chupani ilikuwa na rangi ileile na uzito uleule, lakini ilipita. Nilisikia forosadi zilizoiva, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya, na nyuma ya hayo ukakasi bado ulikuwepo, ila sasa ulikuwa umeshika mahali pake kama mifupa ndani ya mwili. Nilimwuliza ni dawa gani aliyotia ili kuuondoa. Akacheka. Hakuna kilichoondolewa, alisema. Divai isiyo na ukakasi isingefika miaka kumi, kwa sababu ndio unaoishika isianguke.

Nikasema kile ambacho mama yule aliniambia Jumapili iliyopita: basi ni muda uliofanya kazi. Mzee akanishika mkono, akanipeleka kona ya ghala kwenye pipa dogo, akafungua kizibo, akanisogeza karibu. Harufu ilinipiga puani hadi machozi yakatoka. Ilikuwa siki, ya jikoni kwao.

"Hii nayo ni Sagrantino," alisema. "Shamba lile lile, na imekaa miaka mingi kuliko ile uliyoonja."

Kisha akaniekeleza jambo ambalo sijalisahau. Pipa la mbao hupumua. Divai hupungua kidogo kidogo, na juu yake hubaki nafasi tupu inayojaa hewa. Hewa hiyo ikiachwa, divai inaanza kugeuka siki, nawe ukiwa nje unaona pipa limetulia tu. Kwa hiyo mkulima hupita mara kwa mara, anafungua kila pipa, ananusa, anaonja, na kulijaza tena kwa divai mpaka juu. Anaporidhika huihamisha kutoka pipa moja kwenda jingine, akiacha mashapo chini. Hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Ule tunaouita muda, kumbe ndani yake kuna mtu anayeshuka ngazi akiwa na taa na jagi mkononi.

"Divai na siki zimekaa giza moja," aliniambia. "Tofauti ni kwamba hili pipa dogo hakuna aliyekuwa anakuja kulitazama."

Mwarobaini wa watawa

Jioni ile nilikwenda kusali kwenye monasteri ya masista Waagustino iliyo hapohapo Montefalco. Humo limehifadhiwa mwili wa Mtakatifu Klara wa Montefalco. Si Klara yule wa Assisi, rafiki wa Fransisko. Huyu alizaliwa mwaka 1268, akafa Agosti 17, 1308, na Papa Leo XIII akamtangaza mtakatifu mwaka 1881. Aliingia maisha ya sala akiwa mtoto mdogo, akawa mama mkuu wa monasteri akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi alipita ukavu mkali wa kiroho, akisali bila kusikia faraja yoyote. Masimulizi yake yanasema alimwona Kristo amechoka, amebeba msalaba, akitafuta mahali pa kuusimika, na kwamba aliusimika moyoni mwake. Alipofariki masista waliufungua moyo wake, wakasema wamekuta humo alama za mateso ya Bwana.

Bustanini kwao kuna mti ambao mapokeo yanauhusisha na fimbo ambayo Kristo alimpa Klara. Nilipouona nilitabasamu, kwa sababu majani yake yalinikumbusha nyumbani. Ni mti wa ukoo mmoja na mwarobaini wetu, ule ambao bibi zetu walituchemshia majani yake tukaziba pua na kunywa. Tunda lake haliliwi. Lakini masista huchukua kokwa zake ngumu, huzitunga, na kuzifanya rozari.

Nilikaa kwenye benchi la kanisa lao muda mrefu. Nilielewa kwamba uchungu wangu sikuwahi kumpa Mungu. Nilikuwa nimeufungia pipani nikaondoka, na kila mara nilipopita karibu nilisema, tazama jinsi palivyo kimya, hakika nimepona.

Barua zisizo na salamu

Likizo ya mwaka ule nilikwenda nyumbani. Mama alinipeleka kwenye kaburi la baba, kihambani, kati ya migomba na mibuni. Tangu nipewe daraja mama yangu huniita Padre, hata tukiwa wawili. Akaniambia, "Padre, baba yako aliacha pombe mwaka uliokwenda Roma. Ini lilikuwa limeshaharibika, lakini aliacha. Alitaka akuambie mwenyewe ukirudi."

Nilimwuliza kwa nini hakuniandikia. Mama alinyamaza kidogo. "Kila barua yako ilipofika, alikuja na kiti akakaa mlangoni nikimsomea. Nikimaliza anauliza, mimi hajanisalimu? Nami nilimwambia, amekusalimu, yapo hapa mwisho. Mungu anisamehe, Padre. Nilikusalimia kwa niaba yako mpaka alipokufa."

Msomaji wangu, nimesoma falsafa, nimesoma teolojia, nimesikia maungamo ya maelfu ya watu. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa nzito kama maneno hayo ya mama. Baba yangu aliyelala kwenye benchi la kilabu alikuwa amebadilika, nami niliyesimama altareni kila asubuhi ndiye niliyekuwa nageuka siki.

Kesho yake niliadhimisha Misa pale kihambani. Nilipomimina divai kwenye kalisi na kutia lile tone la maji, nilikumbuka sala ya matoleo, ambamo padre anakiri kwamba divai ile imetoka kwenye mzabibu lakini pia imepita katika kazi ya watu. Kwa mara ya kwanza nilimtaja baba yangu kwa jina, kwa sauti, bila kukaza taya. Lakini salamu aliyoisubiri mlangoni hakuipata.

Tunajifunza nini?

Kwanza, uchungu si dhambi. Mtu aliyedhulumiwa akisikia uchungu hajamkosea Mungu. Zabibu ina ganda na kokwa kwa sababu ndivyo ilivyo. Kusamehe hakuna maana ya kujifanya kwamba mpaka wa shamba haukusogezwa, au kwamba ada haikunywewa. Shauri la mpaka lipelekwe kwa wazee au barazani likaamuliwe kwa haki. Na mwenye kupigwa nyumbani asirudi kupigwa kwa jina la msamaha. Lakini haki ya shamba ni jambo moja, na siki moyoni ni jambo jingine.

Pili, uchungu unahitaji mlezi. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania (12:15) anaonya juu ya shina la uchungu linaloachwa kuota mpaka likawatia unajisi wengi, na Mtakatifu Paulo (Ef 4:26) hataki hasira yetu ivuke hata machweo ya jua. Hawasemi tuuachie muda. Mwite kila siku kwa jina lake, katika sala, yule aliyekukosea, hata kama sala yenyewe inatoka kama kikohozi. Nenda kwenye kitubio, ukaseme siyo alichofanya yeye tu, bali kinachoendelea ndani yako. Tuma salamu moja fupi. Hayo ndiyo kushuka ngazi na kujaza pipa.

Tatu, Bwana wetu anaujua uchungu huu kwa ulimi wake mwenyewe. Pale Kana (Yn 2:1-11) alijaza mabalasi sita ya mawe, kila moja la nzio mbili tatu, kwa arusi ya watu ambao hata majina yao hatuyajui, na divai yake ikawa bora kuliko ya kwanza. Lakini Msalabani wanadamu tulimrudishia nini? Alikataa ile divai ya kumpunguzia maumivu (Mk 15:23), na alipoona kiu tulimpelekea siki (Yn 19:29). Aliipokea. Na juu ya msalaba uleule Luka anatuonyesha akiwaombea msamaha waliomsulubisha (Lk 23:34), misumari ikiwa bado mikononi. Hakusubiri ipoe.

Na kwa kuwa nimezungumza sana juu ya divai, sitaki mtu atoke hapa akisema Padre ametutuma dukani. Maandiko yanamshukuru Mungu kwa divai inayofurahisha moyo (Zab 104:15), na yanamcheka mlevi anayekesha kwenye kikombe (Mit 23:29-35). Yote mawili ni kweli. Mimi tangu siku ile ya ghalani sijaongeza kitu juu ya kalisi, na wala simhukumu anayekunywa kwa kiasi. Lakini kwa mwenye nyumba inayoumia kwa ajili ya pombe, namwomba aiache kabisa, na asione haya kuomba msaada. Kanisa lenyewe, kwa kibali cha askofu, humruhusu padre asiyeweza kutumia divai ya kawaida atumie mustumu, maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa mwanzoni kabisa. Ikiwa hata altareni mtu anahurumiwa hivyo, wewe nyumbani kwako unaogopa nini?

Sasa, mama yangu, najua unasoma hapa kila Jumapili, kwa sababu ulishanisahihisha mara mbili. Umesema umeuachia muda, na miaka sita si haba. Mimi nakuuliza swali moja tu ambalo mzee wa Montefalco angekuuliza: katika miaka hiyo sita, ni mara ngapi umeshuka kulitazama pipa? Kaka yako yuko wodini. Watoto wanasema kila mlango unapofunguliwa hugeuza kichwa. Huenda hatasema lolote la maana utakapofika, na mpaka wa shamba utaukuta ulipo. Lakini usikubali mtu mwingine alazimike kumsalimia kwa niaba yako.

Saa za kuwaona wagonjwa ni saa kumi jioni. Nitapita na gari la parokia mbele ya nyumba yako saa tisa na nusu leo, na kiti cha mbele kiko wazi.